Kichwa cha valvu kimeungua harusini: ni omu 16 za boksi au kuna jingine?

#1 Karafuu Kavu
Asalam aleikum wana jamvi.

Ampli yetu ya gita imeungua Jumamosi usiku harusini, hapa hapa Chake. Ni kichwa (ampli peke yake, spika zina boksi lao) cha wati 50 kilichotengenezwa Uingereza, valvu mbili za EL34, zile taa za kioo za kukuzia sauti, mtumba wa Dubai. Nyuma kina swichi ya omu (kipimo cha ukinzani wa spika) 4, 8 na 16. Siku hiyo swichi ilikuwa kwenye 8 na boksi limeandikwa 16, spika nne za inchi 12. Tumefika katikati ya shughuli sauti ikaanza kukwaruza, ikazama, halafu ikaja harufu ya vanishi inayoungua. Fyuzi haikukatika.

Fundi ameangalia nje tu akasema omu hazikuoana, transfoma ya kutolea sauti imekwenda, na kosa ni letu sisi tuliofunga. Mpiga gita wetu anasema hayo maneno ya kitabuni, yeye kaona watu wakipiga hivyo miaka na hakuna neno. Bendi imegawika mapande mawili.

Naomba wenye ujuzi: 16 kwenye 8 inaunguza ampli au haiunguzi?

#2 Rusha Roho Kinanda
Haiunguzi. Mie ampli yangu ya kinanda imeandikwa kuanzia omu 4, nimeichomeka boksi la 8, nimeichomeka la 16, inapiga. Sauti inapungua kidogo basi. Kinachoua ampli ni kushuka chini ya kilichoandikwa. Mwambie fundi atafute sababu nyingine.

#3 Mlandege Elektroniki
Namba 2, ampli yako ni ya transista, yake ni ya valvu. Usimpe mgonjwa wa tumbo dawa ya jicho.

Ampli ya transista inatoa volti zake, spika inachukua mkondo kadiri ya omu zake. Omu zikizidi, mkondo unapungua, wati zinapungua. Ampli ya wati 100 kwa omu 4 itakupa 50 na kitu kwa omu 8, na sikio litaona tofauti ya desibeli 3 tu, yaani kidogo. Hata ukiiwasha bila spika haisemi kitu. Roland JC-120 ambayo wengi humu mmeikuta majukwaani ni ya ukoo huo.

Valvu ni ukoo mwingine. EL34 mbili zinataka kuona mzigo wa kama omu 3,400. Spika ina 8. Katikati inakaa transfoma, nayo inafanya kazi kama gia ya baiskeli: mizunguko 20 na nusu upande wa valvu kwa mmoja upande wa spika. Uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe, ndipo 8 inageuka 3,400 hivi. Sasa ukichomeka 16 pale palipotengwa kwa 8, valvu zinaona 6,800. Ukichomeka 4 zinaona 1,700. Transfoma haina omu zake yenyewe, ina uwiano tu. Swichi ya nyuma kazi yake ni kubadilisha uwiano.

#4 Jahazi la Mkoani
Maalim, hesabu tumepata. Jibu je? Inaunguza au haiunguzi?

#5 Mlandege Elektroniki
Ampli iliyotengenezwa vizuri hustahimili mara mbili juu au mara mbili chini. Wati zinapungua, sauti inabadilika, valvu zinachoka mapema. Kwa hiyo 16 kwenye 8 peke yake, siku moja, ningeshangaa.

#6 Hesabu za Wete
Ungeshangaa ya kushuka, usishangae ya kupanda. Hizi mbili haziko sawa na watu wanazichanganya kila siku.

Ukishuka (boksi la 4 kwenye 8) valvu zinatoa mkondo mwingi kuliko zilivyopangiwa. Zinapata moto, zinazeeka, unanunua nyingine. Ukipanda, volti ndizo zinazoruka. Ndani ya ampli hii umeme wa valvu ni zaidi ya volti 400 hata kabla hujagusa gita. Ukipiga kwa nguvu mpaka sauti ikasagika, valvu inakata mkondo ghafla na transfoma inarudisha teke la volti nyingi zaidi. Spika ndiyo inayolimeza hilo teke. Spika yenye omu nyingi inalimeza kidogo, na pasipo na spika hakuna wa kulimeza. Hapo vanishi ya nyaya za ndani inatobolewa.

Ushahidi: angalia ampli nyingi za zamani za Fender. Tundu la spika lina swichi ndani yake, ukichomoa waya linajifunga lenyewe, linakuwa shoti. Waliotengeneza walipotakiwa kuchagua baina ya omu sifuri na omu zisizo na mwisho, walichagua sifuri.

#7 Gita Kavu Tumbatu
Sikubali. Mie nishaona kwa macho yangu boksi la 4 kwenye tundu la 16, zile sahani za ndani ya valvu zikawa nyekundu kama kaa. Kushuka ndiko kunakoua. Kupanda ni kuipumzisha valvu.

#8 Hesabu za Wete
4 kwenye 16 ni mara nne, yakhe, si mara mbili. Na hebu sema, kilichokufa siku hiyo kilikuwa valvu au transfoma?

#9 Gita Kavu Tumbatu
Valvu.

#10 Hesabu za Wete
Basi tumeelewana.

#11 Gita Kavu Tumbatu
Hatujaelewana. Fender hao hao wanaweka tundu la pili la kuongeza spika, na likitumika omu zinashuka nusu. Ampli yao ya Twin yenyewe ina spika mbili za 8 sambamba, inakuwa 4. Ukiongeza boksi la 4 unakwenda 2. Mtengenezaji anakuruhusu kutooana, sasa nyinyi mnatutisha na nini?

#12 Mlandege Elektroniki
Anakuruhusu kushuka. Namba 6 anasema hilo hilo.

#13 Bintiudi
Mie wa udi, sina ampli, nauliza tu. Hizo omu 16 za boksi mlizipima au mmesoma maandishi ya nyuma? Maana mtumba wa Dubai nao umeandikwa mengi.

#14 Karafuu Kavu
Shukran Bintiudi. Nimepima leo kwa mita, inasoma 12.8.

#15 Rusha Roho Kinanda
Eee! Si mnaona? Si 16 hiyo. Mmeuziwa kanyaboya, ndani kuna spika za kuchanganya. Omu 12.8 kwenye 8 hata si mara mbili.

#16 Mlandege Elektroniki
Hapana. Mita inapima kwa umeme wa betri, inapata ukinzani wa koili peke yake. Omu zinazoandikwa kwenye spika ni za umeme wa sauti, na daima ni kubwa zaidi. Spika ya 8 mita inasoma 6 mpaka 7. Ya 4 inasoma 3 na kitu. Ya 16 inasoma 12 au 13. Boksi lake ni la 16 na ni zima.

Na hata hiyo 16 ni jina tu. Spika ya gita kwenye mlio wake wa asili, nyuzi za chini pale, inapanda makumi ya omu, halafu inashuka, halafu juu kwenye milio mikali inapanda tena. Ampli haijapata kuona omu 16 zilizokaa sawasawa hata dakika moja.

#17 Jahazi la Mkoani
Kama omu zinapanda na kushuka zenyewe kila noti, huku kugombana juu ya 8 na 16 ni kwa nini? Ikhwani Safaa wa taarabu wameanza 1905, hawakuulizana omu mtu na mwenziwe.

#18 Bintiudi
Na bado wapo 😄

#19 Kipaza Vuga
Nauliza la maana. Kwa nini swichi ilikuwa kwenye 8 na boksi ni la 16, na wote mnajua kusoma?

#20 Karafuu Kavu
Kawaida tunafunga maboksi mawili ya 16, sambamba inakuwa 8. Ndiyo maana swichi haiguswi. Siku ile gari ilijaa viti na mapambo ya bibi harusi, boksi moja likabaki ghalani. Aliyefunga alichomeka moja akaendelea na shughuli.

#21 Kipaza Vuga
Sasa hapo tumepata kitu. Swali la pili: waya wa kutoka kichwani kwenda kwenye boksi ulikuwa wa spika au wa gita?

#22 Karafuu Kavu
Wa gita. Ule mrefu mweusi. Wa spika ulibaki na boksi la pili.

#23 Kipaza Vuga
Laa haula. Watu wamejaza uzi kwa omu na mhalifu kalala sakafuni.

Waya wa gita una uzi mwembamba katikati na wavu wa kuzunguka. Umetengenezwa kubeba ishara ya gita, ambayo ni umeme mdogo kabisa. Wati 50 kwenye omu 16 ni karibu ampea 1.8, kwenye omu 8 ni 2.5. Uzi ule unapata moto, plastiki yake inalainika, kisha ama uzi unagusana na wavu, ama unakatika. Ukigusana ni shoti. Ukikatika ampli inapiga bila spika, na hapo lile teke la namba 6 linakuja zima zima. Karafuu, ushike huo waya karibu na pini zote mbili utueleze.

#24 Karafuu Kavu
Nimeushika. Upande wa boksi, karibu na pini, umelegea, unakunjika kama mrenda. Lakini nikiupima na mita unapitisha.

#25 Kipaza Vuga
Unapitisha ukiwa baridi umelala mezani. Uupime huku unaupinda.

#26 Karafuu Kavu
Mara unasoma, mara hausomi.

#27 Kipaza Vuga
Kesi imekwisha.

#28 Mlandege Elektroniki
Taratibu. Waya uliolegea karibu na pini ni ugonjwa wa kila waya wa gita uliokanyagwa na kuvutwa mwaka mzima. Huwezi kujua ulilegea Jumamosi au mwezi wa Ramadhani. Na angesikia sauti ikikatikakatika. Yeye kasema ilikwaruza na kuzama.

#29 Rusha Roho Kinanda
Umeme ulikuwa wa waya au wa jenereta?

#30 Karafuu Kavu
Jenereta. Ilikuwa nje uani, na taa za mapambo zilikuwa humo humo.

#31 Rusha Roho Kinanda
Basi mnajisumbua. Jenereta ndogo ikifunguliwa mzigo ghafla, kwa mfano feni au taa zikizimwa, volti zinaruka kabla injini haijatulia. Kwenye 230 unaweza kupata mengi zaidi kwa muda mfupi, na kila kitu ndani ya ampli ya valvu kinapanda nacho. Sisi tuliokuwepo Unguja kile kiza cha mwisho wa 2009 mpaka mwanzo wa 2010 tulijifunza. Miezi mitatu mji mzima ulikuwa ukiishi kwa jenereta, redio na friji zilikuwa zikifa kila mtaa, na hakuna aliyeuliza omu.

#32 Jahazi la Mkoani
Moshi tu ule, na kelele. Mji Mkongwe ulikuwa hausikilizani hata adhana.

#33 Gita Kavu Tumbatu
Ndipo nilipojua bei ya petroli haina mjomba.

#34 Hesabu za Wete
Turudi. Kuna jambo moja hakuna aliyeligusa. Namba 1 kasema fyuzi haikukatika. Transfoma inaungua mpaka vanishi inanuka, na fyuzi imesimama tu inatazama? Karafuu, itoe hiyo fyuzi uiangalie kwa makini. Ziko mbili, ya umeme wa nje na ya umeme wa valvu.

#35 Karafuu Kavu
Ya nje ni ya kioo, nzima. Ile ya valvu... imezungushiwa karatasi ya fedha, ya ndani ya pakiti ya sigara. Wallahi sisi hatuvuti. Imekuja hivyo hivyo.

#36 Hesabu za Wete
Hapo sasa. Valvu moja ikipata shoti ndani, fyuzi ile ndiyo ya kukatika kwanza, na ingekata kabla transfoma haijapata joto. Karatasi ya fedha inapitisha mkondo wa kutosha kuchemsha chai. Kilichoanza kinaweza kuwa chochote, ila kilichoiacha transfoma iungue ni hiyo karatasi.

#37 Kipaza Vuga
Hiyo inaeleza kwa nini iliungua mpaka mwisho. Haielezi kwa nini ilianza.

#38 Hesabu za Wete
Valvu mbovu zipo nyingi kuliko nyaya mbovu.

#39 Mlandege Elektroniki
Karafuu, ufanye hivi, na usifanye peke yako. Chomoa ampli ukutani, ikae. Kapasita za ndani zinaweka zaidi ya volti 400 hata baada ya kuzima, na hazina huruma, kwa hiyo kwanza fundi azimwage kwa resista na azipime mpaka zisome sifuri. Kisha toa valvu uangalie soketi zake, hasa kati ya mguu wa 2 na wa 3.

#40 Karafuu Kavu
Tumefanya na fundi mwingine. Soketi moja ina mstari mweusi hasa baina ya hiyo miguu miwili, kama mtu kachora na mkaa. Ukikwangua kwa ukucha unatoka unga.

#41 Hesabu za Wete
Mguu wa 3 ndio anodi, ndio unaopata volti zote. Wa 2 ni wa kuwashia moto wa valvu, uko karibu na sifuri. Umeme umeruka kutoka wa 3 kwenda wa 2. Hiyo ni volti zilizozidi, yaani mzigo mkubwa mno au hakuna mzigo kabisa. Nilisema tangu namba 6.

#42 Kipaza Vuga
"Au hakuna mzigo kabisa." Waya wangu huo. Ahsante.

#43 Gita Kavu Tumbatu
Au chumvi. Ampli inakaa kisiwani, ghala halina hewa, kila asubuhi chuma kina unyevu. Chumvi na vumbi vikijaa kwenye soketi, umeme una njia ya kupita hata kama omu zako ni sahihi kabisa. Mie soketi zangu nazisafisha kwa spiriti kila masika yakiisha. Nyinyi lini mmesafisha?

#44 Karafuu Kavu
...

#45 Gita Kavu Tumbatu
Jibu nimelipata.

#46 Rusha Roho Kinanda
Na jenereta nayo inapandisha volti za anodi. Mstari huo huo mweusi ni shahidi wangu pia.

#47 Bintiudi
Shahidi mmoja, kesi nne. Mahakama ya wapi hii?

#48 Mlandege Elektroniki
Pima transfoma yenyewe. Fungua waya zake zote kwanza, valvu zikiwa nje. Upande wa valvu kuna nusu mbili, pima kila nusu kwa mita: ziwe zinakaribiana, si lazima zilingane. Kisha upande wa spika, kwenye omu 8, utie volti 6 za AC kutoka transfoma ndogo. Upande wa pili upate kama 120. Usiushike kwa mkono.

#49 Karafuu Kavu
Nusu ya kwanza 41, ya pili 29. Tulipotia volti 6, ile transfoma ndogo ikaanza kuunguruma na kupata moto, volti zikashuka zikawa 2. Upande wa pili hata 20 hazifiki.

#50 Mlandege Elektroniki
Mizunguko imegusana ndani. Transfoma imekufa, Mungu akupe badala. Kwa hilo fundi wa kwanza alisema kweli.

#51 Jahazi la Mkoani
Kuna jamaa hapa anasuka mota za pampu. Anasuka na transfoma pia, bei poa.

#52 Mlandege Elektroniki
Usithubutu kumpa kabla hujamuuliza kama anajua kupishanisha. Transfoma ya sauti haisukwi kama mota, upande mmoja ukimaliza ndipo uanze mwingine. Hapa zinapishanishwa matabaka: kidogo ya valvu, kidogo ya spika, tena ya valvu. Akisuka kwa mtindo wa mota itawaka, itapiga, lakini milio mikali yote itapotea, gita litasikika kama limefunikwa blanketi. Ni bora uagize iliyotengenezwa kwa EL34 mbili, omu 3,400 hivi, wati 50, yenye 4, 8 na 16.

#53 Kipaza Vuga
Na waya wa spika ununue na wewe. Hata ule wa kawaida wa umeme, wa milimita 1.5 za mraba, nyuzi mbili, unatosha. Hauna haja ya dhahabu.

#54 Hesabu za Wete
Na fyuzi ya kweli. Na swichi isogezwe kwenye 16 likiwa boksi moja, ampli ikiwa imezimwa, usiigeuze huku mnapiga.

#55 Gita Kavu Tumbatu
Na soketi mpya. Ile yenye mkaa usiisafishe uirudishe, mkaa umeshaingia ndani ya plastiki na utapitisha tena.

#56 Rusha Roho Kinanda
Na ampli ya transista 😁 Nauza moja, wati 65, haijaguswa, ipo Mwanakwerekwe.

#57 Msimamizi
Matangazo yana jukwaa lake, namba 56.

#58 Karafuu Kavu
Shukran nyote. Fundi wa kwanza bado anasema omu, wa pili anasema waya, mpiga gita sasa anasema jenereta kwa sababu si yeye aliyeikodi. Transfoma nimeagiza.

#59 Hesabu za Wete
Aliyekodi jenereta nani?

#60 Karafuu Kavu
Upande wa bwana harusi.

#61 Kipaza Vuga
Basi waya. Huwezi kumdai bwana harusi.

#62 Mgeni wa Makunduchi
Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mie nina boksi moja la 8 na moja la 16, nataka kuyafunga pamoja kwenye kichwa chenye swichi ya 4, 8, 16. Jumla si 24?

#63 Mlandege Elektroniki
Ukiyafunga mfululizo ni 24. Matundu ya nyuma ya ampli yanafunga sambamba: 8 mara 16 ni 128, gawa kwa 24, unapata 5.3. Weka swichi kwenye 4. Na ujue boksi la 8 litachukua theluthi mbili za wati, kwa hiyo angalia spika zake zinabeba kiasi gani.

#64 Hesabu za Wete
Kwenye 4 boksi lako liko juu kidogo ya swichi, kwenye 8 liko chini kidogo. Kwa niliyoyasema namba 6, mie ningeweka 8.

#65 Mlandege Elektroniki
Tofauti ya 5.3 na 4 ni ndogo kuliko ya 5.3 na 8, sheikh.

#66 Hesabu za Wete
Ndogo, lakini iko upande mbaya.

#67 Msimamizi
Mgeni wa Makunduchi, fungua uzi wako. Hawa hawamalizi leo.